Rafiki Yako Ana Hepesi: Msaidie Bila Kumtenga, Jilinde Bila Kuogopa

  

Leo tunazungumzia ugonjwa ambao watu wengi wanao lakini wachache huutaja. Ni malengelenge yanayoletwa na virusi vya hepesi. Huenda siku moja rafiki yako atakuita kando akuambie amepatikana na ugonjwa huu. Huenda ni jirani mnayetumia choo kimoja katika ploti, mwenzako wa chama, au yule anayekushikia mtoto ukienda sokoni. Papo hapo maswali mawili yatakujia. Nitamsaidiaje? Na je, mimi na wanangu tuko salama?

Maswali yote mawili ni ya haki. Ukijua vizuri jinsi virusi hivi vinavyotembea, utaona kwamba unaweza kukaa karibu na rafiki yako bila wasiwasi, ukichunga mambo machache tu. Asiyejua huchunga yasiyo na hatari, kisha akasahau yale yenye hatari.

HEPESI NI NINI?

Kuna aina mbili za virusi vya hepesi. Aina ya kwanza hukaa zaidi mdomoni. Wengi wetu tuliipata utotoni, tulipobusiwa au tulipoguswa na mate ya mtu mwenye virusi. Hii ndiyo huleta malengelenge madogo kwenye midomo baada ya mtu kuugua, na watu husema, "Homa inatoka." Aina ya pili hukaa zaidi sehemu za siri na huambukizwa kwa kujamiiana. Hata hivyo, aina ya kwanza pia yaweza kufika sehemu za siri, hasa kupitia mapenzi ya mdomo.

Virusi hivi vikishaingia mwilini havitoki. Hujificha ndani ya mishipa ya fahamu na kulala. Mara moja moja huamka na kuleta vidonda upya, hasa mtu akiwa mgonjwa, amechoka, ana mawazo mengi, au yuko katika siku zake za mwezi.

Je, ni watu wangapi walio na virusi hivi? Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2020, watu bilioni 3.8 walio chini ya umri wa miaka 50 walikuwa na aina ya kwanza. Watu milioni 520 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na aina ya pili. Hapa kwetu Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2007 ulipima damu za watu wa umri wa miaka 15 hadi 64. Uligundua kwamba karibu watu 35 katika kila 100 walikuwa na aina ya pili, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume.

Kwa hivyo, mama, rafiki yako si mtu wa ajabu. Katika chama cha akina mama 20, yaelekea hayuko peke yake. Tofauti ni kwamba yeye amejua, na amepata ujasiri wa kukuambia.

DALILI ZAKE

Wengi walio na hepesi hawaoni dalili yoyote, au huona mwasho mdogo wakadhani ni upele wa joto. Wanaopata dalili kwa mara ya kwanza huanza kuziona kati ya siku 2 na 12 baada ya kuambukizwa. Ngozi huwasha au kuchoma kama sindano, kisha malengelenge madogo hutokea kwa kikundi. Malengelenge hupasuka na kuacha vidonda vyenye maumivu makali. Mtu aweza kuwa na homa, maumivu ya mwili, mitoki kwenye kinena, na uchungu mwingi wakati wa kukojoa. Hali hii yaweza kudumu wiki 2 hadi 4.

Vidonda vikirudi baadaye, mara nyingi huwa vichache, maumivu hupungua, na hupona upesi zaidi. Watu wengi hujifunza kutambua dalili ya mapema, yaani ule mwasho unaotangulia vidonda.

Tahadhari: si kila kidonda cha sehemu za siri ni hepesi. Kidonda cha kaswende mara nyingi hakiumi, na kisipotibiwa huleta madhara makubwa. Mkanda wa jeshi nao huleta malengelenge, lakini huletwa na virusi vingine. Kwa hivyo usimtambue rafiki yako ugonjwa kwa macho. Aende akapimwe.

INAAMBUKIZWAJE, NA HAIAMBUKIZWI VIPI?

Hepesi huambukizwa ngozi kwa ngozi. Ngozi laini ya mdomo, ya sehemu za siri, au ngozi yenye mchubuko ikigusana na kidonda, na mate au na majimaji yenye virusi, ndipo virusi hupita. Hatari ni kubwa zaidi vidonda vinapokuwapo. Hata hivyo, virusi vyaweza kutoka kwenye ngozi hata siku ambazo hakuna kidonda kinachoonekana. Ndiyo maana wengi huambukizwa na mtu ambaye hajui kwamba anavyo.

Nje ya mwili virusi hivi hufa haraka. Kwa hivyo, mama, sikiliza vizuri. Hutapata hepesi kwa kukalia choo ambacho rafiki yako ametumia. Hutaipata kwa kumkumbatia, kumsalimia kwa mkono, kumsuka nywele, kuketi naye kwenye matatu, kulala naye kitanda kimoja mkiwa wageni msibani, au kuanika nguo kwenye kamba moja. Nguo na shuka zake hufuliwa kwa maji na sabuni ya kawaida kama nguo nyingine. Ugali mle sahani moja, bora kila mtu amenawa mikono.

Kumtengea kikombe chake siku zote, kumwaga dawa chooni kila akitoka, au kuwakataza watoto wasiende kwake, hakumkingi mtu yeyote. Kunachofanya ni kumtangaza kwa majirani.

UJILINDE VIPI?

Sasa tuangalie mambo ambayo kweli yanahitaji uangalifu.

Kwanza, akiwa na vidonda mdomoni, msibusiane. Katika siku hizo msitumie pamoja kikombe, kijiko, mrija wa soda, mafuta ya midomo au rangi ya midomo. Ngoja mpaka kidonda kikauke, gaga lidondoke na ngozi ipone. Baada ya hapo endeleeni kama kawaida.

Pili, taulo, wembe na mswaki kila mtu awe na vyake. Hii ni kanuni nzuri katika kila nyumba, hepesi iwe au isiwe.

Tatu, usiguse vidonda kwa mkono mtupu. Mwenye ugonjwa ajipake dawa mwenyewe, kisha anawe kwa maji na sabuni. Ikiwa hawezi na ni lazima umsaidie, vaa glavu, uzitupe ukimaliza, na unawe mikono. Virusi vyaweza kuingia kwenye mchubuko wa kidole na kuleta malengelenge hapo. Wote wawili msijiguse macho kabla ya kunawa, kwa maana hepesi ikiingia jichoni yaweza kuharibu uwezo wa kuona.

Nne, kitandani. Ikiwa huyo unayemwita rafiki ni mpenzi au mume wako, basi hapa ndipo penye hatari kubwa. Acheni kujamiiana kwa njia yoyote kuanzia pale mwasho unapoanza hadi vidonda vipone kabisa. Siku nyingine tumieni kondomu. Kondomu hupunguza hatari sana, lakini haiimalizi, kwa sababu haifuniki ngozi yote. Daktari aweza pia kumpa mwenye ugonjwa dawa ya kumeza kila siku ili kupunguza uwezekano wa kumwambukiza mwenziwe.

Tano, fahamu uhusiano wa hepesi na virusi vya UKIMWI. Mtu mwenye hepesi ya aina ya pili yuko katika hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI karibu mara 3 zaidi ya asiye nayo. Vidonda, hata vile vidogo, ni mlango. Kwa hivyo mshauri rafiki yako apimwe, nawe upimwe pia. Haina maana kwamba mwenye hepesi ana UKIMWI. Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Akipatikana hana, aulize kuhusu njia za kujikinga, pamoja na dawa za kuzuia maambukizi zinazotolewa katika vituo vya afya.

MTOTO MCHANGA NI JAMBO LINGINE

Mama, ukisahau mengine yote ya leo, hili usilisahau. Kwa mtu mzima, hepesi ni ugonjwa wa kusumbua. Kwa mtoto mchanga, hasa katika wiki 6 za kwanza, yaweza kuua au kumwachia ulemavu wa ubongo. Si jambo linalotokea mara nyingi, lakini likitokea ni zito.

Mtoto huambukizwa zaidi kwa njia mbili. Ya kwanza ni wakati wa kuzaliwa, akipita mahali penye virusi. Hatari huwa kubwa zaidi mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza katika miezi 3 ya mwisho ya ujauzito, kwa maana mwili wake haujapata muda wa kutengeneza kinga na kumpa mtoto. Mama aliyekuwa na hepesi tangu zamani hatari yake ni ndogo sana. Hivyo, rafiki yako mjamzito mwenye hepesi asikate tamaa, lakini amwambie mkunga mapema kliniki. Kuna dawa anayoweza kupewa mwisho wa ujauzito ili vidonda visirudi wakati wa kujifungua. Uchungu ukianza akiwa na vidonda sehemu za siri, madaktari wanaweza kuamua kumzalisha kwa upasuaji. Hii ni sababu moja zaidi ya kujifungulia hospitalini.

Nawe ukiwa mjamzito na mume wako ana hepesi, mdomoni au sehemu za siri, usichukulie kuwa ni mambo yake. Zungumzeni, na katika miezi 3 ya mwisho jiepusheni na kujamiiana na mapenzi ya mdomo.

Njia ya pili ni busu. Mtu mwenye kidonda mdomoni akimbusu mtoto mchanga, virusi vyaweza kumwingia mtoto. Hapa hatuangalii urafiki wala udugu. Awe nyanya, awe baba, awe mama mzazi mwenyewe, mwenye kidonda mdomoni asimbusu mtoto. Anawe mikono kabla ya kumshika, na afunike kidonda kwa barakoa au kitambaa safi.

Kumwambia rafiki jambo hili si lazima iwe matusi. Unaweza kusema, "Dadangu, karibu, mshike mtoto. Nawa mikono kwanza, na kwa sababu una kidonda mdomoni, tusimbusu mpaka kipone." Sheria hiyo ukiiweka kwa wageni wote wanaokuja kuona mtoto, hakuna atakayejiona amechaguliwa.

Na kunyonyesha je? Mama mwenye hepesi anaweza kunyonyesha. Ikiwa ana vidonda kwenye titi, asimnyonyeshe mtoto titi hilo hadi lipone. Avifunike vidonda vizuri, aendelee na titi lile jingine lisilo na kidonda, na aende kliniki kwa ushauri.

Mtoto mchanga akikataa kunyonya, akiwa na homa au mwili baridi, akilala kupita kiasi, akitetemeka kwa degedege, au akitokwa na malengelenge kwenye ngozi, macho au mdomo, mkimbize hospitalini saa hiyo hiyo. Usingoje kesho.

UTAMSAIDIAJE RAFIKI YAKO?

Sasa tumrudie rafiki yako. Mara nyingi maumivu ya vidonda hupoa kabla ya maumivu ya moyo. Wengi hujiona wachafu. Wengine huacha kwenda kanisani au msikitini, chamani, hata kazini. Haya ndiyo unayoweza kumfanyia.

Msikilize. Usianze kwa kuuliza, "Ulipata kwa nani?" Swali hilo halimponyi. Mwambie, "Asante kwa kuniambia. Bado mimi ni rafiki yako. Umeshaenda kliniki?"

Mtunzie siri. Usimwambie mumeo, wala dada yako, wala mwenzako wa saluni. Usiombe maombi ya kikundi kwa kutaja jina lake. Siri hii ni yake. Akitaka kuitoa, ataitoa mwenyewe.

Mpeleke kwa mhudumu wa afya, hasa vidonda vinapotokea kwa mara ya kwanza. Kuna dawa iitwayo asaiklovia. Haiondoi virusi mwilini, lakini hufupisha muda wa vidonda na kupunguza maumivu. Hufaa zaidi ikianzwa mapema, vidonda vinapoanza tu. Dawa za kuua bakteria, zile watu hununua dukani kwa kubahatisha, haziui virusi hivi. Na hadi sasa hakuna chanjo ya hepesi. Anayewauzia watu mitishamba ya kuimaliza kabisa anauza matumaini.

Msaidie katika siku za maumivu. Mpikie, mtekee maji, mwangalizie watoto apumzike. Anaweza kukalia maji vuguvugu yenye chumvi kidogo kwenye beseni, kisha ajikaushe taratibu kwa kugusagusa, bila kusugua. Avae nguo za ndani za pamba zisizobana. Ameze paracetamol kwa maumivu. Akikojoa, ajimwagie maji ya uvuguvugu hapo hapo ili mkojo usimchome, na anywe maji mengi. Asipake spiriti, majivu wala dawa ya meno, kwani huchoma ngozi na kuchelewesha kupona.

Mshike mkono anapotaka kumwambia mwenzi wake. Hapa kuna ukweli ambao waweza kuiokoa ndoa. Virusi vyaweza kulala mwilini kwa miaka mingi kabla kidonda cha kwanza hakijaonekana. Kwa hivyo, kidonda kikitokea leo, si ushahidi kwamba mmoja wao ametoka nje ya ndoa majuzi. Mume na mke wakienda kliniki pamoja na kuelezwa hili na muuguzi, hasira nyingi hupoa. Lakini ikiwa rafiki yako anahofia kupigwa, asilazimishwe kusema akiwa peke yake nyumbani. Azungumze kwanza na mhudumu wa afya. Pia kuna simu ya bure ya taifa ya kusaidia wanaodhulumiwa, nambari 1195.

NI LINI AENDE HOSPITALINI HARAKA?

Aende bila kuchelewa akiwa na mojawapo ya haya:

1. Anashindwa kabisa kukojoa.
2. Ana maumivu makali ya kichwa, shingo imekakamaa, au amechanganyikiwa.
3. Jicho linauma, limekuwa jekundu, au ana malengelenge karibu na jicho.
4. Ni mjamzito na ana vidonda.
5. Anaishi na virusi vya UKIMWI na vidonda vimeenea, au havijapona kwa mwezi mzima.

KUMBUKA

Hepesi haina tiba ya kuimaliza, lakini mwenye hepesi anaweza kufanya kazi, kuolewa, kuzaa na kulea. Haipiti kwa choo, nguo wala kumbatio. Hupita kwa ngozi kugusana na kidonda, kwa busu na kwa kujamiiana. Nawa mikono. Usiguse vidonda. Mlinde mtoto mchanga dhidi ya busu la mwenye kidonda. Na siri ya rafiki yako, ihifadhi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika mtaa wetu, watu husema nini juu ya mtu mwenye vidonda sehemu za siri? Ni yapi kati ya hayo si kweli?
2. Utamwambiaje mama mkwe wako mwenye kidonda mdomoni asimbusu mjukuu wake, bila kumvunjia heshima?
3. Rafiki akikuambia leo kwamba ana hepesi, neno lako la kwanza litakuwa lipi?

Mpendwa msikilizaji, muda wetu umefika kikomo. Ukiwa na swali, mwone muuguzi wa zahanati iliyo karibu nawe au mhudumu wa afya wa kijiji chako. Na yule rafiki ambaye hujamwona chamani kwa wiki kadhaa, pitia kwake leo jioni umjulie hali.